Nilimwambia Mlinzi Mama Hana Sukari

Nimekosa. Sitafuti wa kunihurumia, nataka tu kulitoa hili moyoni maana linanila. Mguu wa kulia wa Mama yangu umekatwa, na chanzo ni mimi.

Mama ana ugonjwa wa sukari tangu zamani. Nyayo zake zimekufa ganzi. Siku moja alirudi kutoka sokoni Naviundu na kiatu kimoja, kingine kilimvuka njiani na hakujua! Tulicheka sana siku ile. Kwa hiyo nilijua. Siwezi kusema sikujua.

Mwaka jana nilimpeleka kwenye mbuga ya taifa kuona chemchemi za maji moto. Tulitoka Lubumbashi alfajiri, barabara mbovu, vumbi mpaka kwenye meno, na Mama anaimba nyimbo za kanisani njia nzima. Alikuwa na furaha jamani, hata dereva alianza kumwitikia.

Kule maji yanatoka ardhini yakichemka, wageni wanachemshia mayai. Chini kidogo kuna kidimbwi ambapo watu hutia miguu. Mlinzi akatuuliza kwanza:

"Kati yenu kuko mwenye maladi ya sukari? Ule asiingize miguu, aangalie tu."

Nikajibu haraka: "Hapana, papa. Siye bote tuko bien, tuko bazima."

Mama aliniangalia. Kisha akainama kuvua viatu.

Kwa nini nilidanganya? Foto! Nilitaka foto ya Mama ndani ya maji nimtumie kaka yangu aliyeko Mokambo, aone ni nani anayemtunza mzazi. Aibu gani hii!

"Mama, maji iko moto?" nilimuuliza alipotia mguu wa kulia, simu mkononi.

"Hapana, mwana yangu. Iko muzuri tu."

Mkono wangu mwenyewe sikuutia. Wenzetu walikuwa wanatia miguu na kuitoa wakipiga kelele, mimi nikaona wanadeka. Mama alikaa, mguu majini. Nikapiga foto, nikamwambia atabasamu, nikapiga tena. Alipotoa mguu wa kulia, ngozi ilikuwa inabanduka kama ya nyanya iliyochemshwa. Na bado alikuwa anatabasamu, maskini!

Kidonda hakikupona. Wiki zikapita, hospitalini wakakata mguu chini ya goti. Kaka alikuja mbio kutoka Mokambo, akauliza ilikuwaje. Nikasema nilimkataza Mama, akatia mguu kwa ubishi wake. Mama alikuwa macho pale kitandani, anasikia yote.

Kaka akamgeukia: "Ni kweli, Mama?"

"Ndiyo, njo vile. Ni miye mwenyewe. Kichwa yangu iko nguvu."

Ee Mungu wangu!

Tangu hapo ukoo mzima unamsema. Shangazi kila akija anamwambia sikio la kufa halisikii dawa. Mama anacheka kidogo, anaomba msamaha kwa kosa langu. Tukibaki wawili hatulitaji kabisa. Namwosha, namlisha, nashindwa kumtazama machoni.

Ninyi mnaotembeza wazazi, mkiulizwa ugonjwa wao semeni ukweli. Maji yapimeni kwa mikono yenu, msiulize miguu isiyosikia. Na mkikosea, msimtwike mzazi kosa lenu, kwa sababu atalibeba.

Kaka, ukisoma haya utatujua. Najua utakuja na hasira. Lakini ingia kwanza chumbani kwa Mama, umwombe msamaha kwa maneno yote mliyomsema bure. Mimi utanikuta uani.