Laini Mbili za Sista wa Remba

Siku yangu ya kwanza kazini, katika duka la kampuni ya simu mjini Migori, msimamizi wa duka alinisimamisha nyuma ya kaunta akanipa somo fupi kuliko kikombe cha chai. "Wateja ni aina mbili," akasema. "Kuna wa kadi na kuna wa mkataba. Mwenye mshahara muuzie mkataba. Hao wengine wape kadi, na usiwaulize maswali mingi."

Laini ya kadi ndiyo mnayoijua zaidi ninyi vijana: unalipa kwanza, unaongea baadaye, na salio likiisha unanyamaza. Enzi hizo tulikwangua kadi kwa kucha ndipo tuone namba za siri. Laini ya mkataba ni kinyume chake. Unaongea mwezi mzima, kisha kampuni inakuletea bili. Nayo ina kikomo, yaani kiwango ambacho ukikifikia huwezi kupiga tena mpaka ulipe.

Maswali nilikatazwa, lakini mimi ni mdadisi tangu utotoni. Nilitaka kujua mtu atampigia nani, kwa jambo gani, naye akiwa wapi. Kuuliza si ujinga, nami nilijitetea kwa msemo huo kila nilipokaripiwa.

Nilipohamishiwa Kehancha ndipo nikaona faida yake. Alikuja mzee mmoja, mfanyabiashara wa ng'ombe, akitaka mkataba kwa sababu shemeji yake alikuwa nao. Nikamuuliza anashinda wapi.

"Kwa mpaka," akasema. "Ng'ombe iko huku, wateja wako Tanzania."

Nikamweleza kwamba kule mpakani simu hudaka mnara wa nchi jirani bila kukuomba ruhusa, na kila neno hulipiwa kwa bei ya mgeni. Wa kadi hukatika papo hapo akajua. Wa mkataba hujua bili ikishafika. Mzee alifikiri kidogo. "Basi shemeji akae na yake," akasema, akanunua kadi.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Homa Bay, chini ya meneja wa tawi, mtu mpole aliyependa sana kuvaa tai. Asubuhi moja aliingia mwanamke mwenye viatu vya plastiki vilivyolowa. Alikuwa Sista Atieno, muuguzi katika zahanati ndogo ya kanisa kisiwani Remba, na alikuwa amevuka ziwa kwa boti iliyoleta omena, wale dagaa wa ziwani. Alitaka mkataba. Meneja, kwa nia njema kabisa, akajaribu kumzuia.

"Sista, hiyo mkataba itakuumiza. Watu wakijua simu yako haikosi krediti, kisiwa yote itakuflashi."

Kuflashi ni kumpigia mtu na kukata kabla hajapokea, ili akupigie yeye kwa gharama yake.

"Hiyo ndio nataka," Sista akasema. "Mama akishikwa na uchungu, hana krediti, anaflashi. Na mimi nikiwa sina, siwezi kumpigia nijue shida ni gani. Juzi tulichelewa kwa mmoja. Mtoto hakupona."

Meneja akalegeza tai yake. Mimi moyo uliniuma, lakini udadisi haukuniacha. Nikamuuliza kama mshahara wake huja kwa wakati.

"Unakujanga ukitaka," akasema, akacheka.

Hapo nikaona hatari. Bili isipolipwa, laini ya mkataba hufungwa kupiga, na ikikaa zaidi hufungwa hata kupokea. Flashi yenyewe haiingii. Laini ya kadi, hata salio likiwa sifuri, bado hupokea. Sista alikuwa anaomba kitu ambacho kingeweza kumziba masikio siku anayohitajika zaidi.

Tulijadiliana sisi watatu juu ya kaunta mpaka foleni ikaanza kunung'unika. Mwishowe alichukua zote mbili katika simu moja: ya kadi akina mama waiflashi, ya mkataba yeye awapigie. Meneja akamwonya asimpe mtu namba ya mkataba. Sista akatushukuru, akaenda kutafuta boti ya kurudi.

Sasa nimestaafu. Wajukuu huniuliza laini ipi ni bora, na huudhika ninapowajibu kwa maswali. Bei nauliza mwisho. Kwanza nataka kujua: simu yako ikinyamaza, nani ataumia?

Wiki niliyostaafu, Sista alinipigia kunipongeza. Kama kawaida yangu, nikamuuliza kama mkataba ulimfaa.

"Umenifaa," akasema, "lakini kuna wakati ulifungwa."

Mshahara ulikuwa umechelewa, bili haikulipwa, na laini ya kadi nayo haikuwa na salio. Ndipo ikaingia flashi kutoka kwa mama mmoja mjamzito upande wa pili wa kisiwa. Sista hakuwa na njia ya kumpigia.

"Sasa ulifanya nini?"

"Nilienda kwake. Nilikuta ameshaanza kujifungua. Mama yuko sawa, na nyathi, mtoto wake, yuko sawa."

Nilishukuru Mungu, kisha nikashindwa kujizuia. Nilijua akina mama wa Remba humflashi hata kwa mambo madogo, kuuliza dawa au kuuliza kama zahanati imefunguliwa.

"Na ulijuaje hiyo flashi ilikuwa ya uchungu?"

"Sikujua," akasema. "Nilikimbia tu."