Mwandiko wa Mama Mkwe

Tangu asubuhi gobore lilipolia nyuma ya darasa la nne, kijiji chetu hapa Handeni hakisalimiani vizuri. Mtu anakuitikia huku anakukagua mikono.

Watoto walikuwa wanafagia uwanja. Nilisikia mlio mmoja, kisha mayowe, kisha nikamwona mwanafunzi wangu ameketi vumbini ameshika mkono wake wa kulia, haelewi kwa nini unatoka damu. Hospitalini Korogwe walimtoa gololi nne za baiskeli. Gobore la kienyeji halichagui, unalishindilia misumari, vipande vya nondo, chochote. Kila nyumba inayolima mahindi ilikuwa nalo kwa ajili ya nguruwe pori, na polisi walipokuja hakuna nyumba hata moja iliyokuwa nalo.

Lilifyatuliwa kutoka kwenye mahindi yanayopakana na shule. Watu wawili walikuwa wamechukuliwa vipande vya mashamba yao pale ili tuongeze madarasa. Mmoja ni mzee ambaye babu yake aliletwa kukata mkonge. Yeye kazaliwa hapa hapa, lakini mpaka leo anaitwa mgeni. Aliwahi kusema mkutanoni, mbele ya wote, kwamba shule itajuta. Wa pili ni mume wangu, fundi baiskeli. Yeye hakusema neno. Alikula, akalala, na mimi nikauita ukimya wake ustaarabu.

Asubuhi ile aliniambia anakwenda Korogwe kununua vipuri. Alirudi mchana mikono mitupu, na sikumuuliza. Gololi kila mtu ananunua kwake, kwa hiyo hazithibitishi lolote. Nilijiambia hivyo mara nyingi mno.

Wiki iliyofuata ikaitishwa kura ya siri. Kila mtu mzima anapewa kikaratasi, anaandika jina la anayemshuku, anakunja, anatumbukiza kwenye ndoo. Kwa kawaida polisi huondoka na ndoo. Safari hii watu walisema mtendaji wa kijiji atabadilisha karatasi njiani, wakataka zisomwe pale pale. Mtendaji naye hakutaka kuguswa na lawama, akasema asome mwalimu.

Sijui ni nani alikuwa mjinga zaidi, wao walionichagua au mimi niliyekubali. Nusu ya watu wale niliwafundisha darasa la kwanza, na wazee niliwafundisha kwenye kisomo cha jioni. Miandiko yao naijua kuliko sura zao. Kila karatasi niliyofungua ilikuwa kama mwenyewe amesimama mbele yangu.

Nilisoma jina la yule mzee mpaka koo likakauka. Alikuwa ameketi mbele, kofia magotini, akitikisa kichwa taratibu kila nilipolitaja. Kisha nikafungua karatasi yenye herufi kubwa zilizolala upande mmoja, na ile "a" isiyofungwa juu ambayo nilishindwa kumrekebisha. Mama mkwe wangu. Alijifunza kuandika akiwa tayari ana wajukuu, kwenye benchi langu. Alikuwa ameandika jina la mwanawe, kamili, mpaka la babu.

Nikasoma jina la yule mzee.

Mtendaji akamwongezea mzee mstari mwingine wa kura ubaoni. Ile karatasi niliibana kiganjani, na nyumbani nikaitia motoni. Nilimwogopa mume wangu, nikajionea aibu, na bado nikampikia chakula cha jioni.

Yule mzee alichukuliwa siku hiyo hiyo. Alirudi baada ya miezi kadhaa bila kufunguliwa kesi, akakuta mabati ya nyumba yake yameng'olewa, akahamia kwa dada yake, kule Bungu. Nilimkuta stendi siku anaondoka. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanishukuru kwamba siku ile nilisoma bila kumcheka.

Yule mtoto mkono wake haunyooki. Kila Jumamosi anakuja barazani kwetu ninamfundisha kuandika kwa kushoto. Jumamosi iliyopita mama mkwe alikuwa anapukuchua mahindi karibu yetu, na mume wangu alikuwa uani anakaza nati za gurudumu. Mtoto alikuwa anahangaika na "a", inakataa kufunga. Mama mkwe aliitazama muda mrefu.

"Mwalimu," akasema, "siku ile mwandiko wangu haukusomeka?"

Uani spana ikanyamaza. Ningeweza kusema haukusomeka. Angenikubalia, maana siku zote aliuonea haya mwandiko wake, na maisha yetu yangeendelea vile vile.

"Ulisomeka, mama."

Akapukuchua gunzi lililobaki mpaka likaisha, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Basi nipe karatasi nyingine."

Nilichana ukurasa katikati ya daftari la mtoto, nikampa na kalamu.