Shimo la Kabla ya Kombani

Njia za baiskeli za Uingereza nazijua kuliko Waingereza wengine, na huko sijawahi kukanyaga. Nijaribuni. Ile inayoanzia kijijini kwa wazee wawili rafiki zetu hushuka kwanza mpaka mtoni, kwenye daraja jembamba la mawe. Gari likiwa juu yake, wewe subiri. Ukivuka tu unaanza kupanda. Kilima cha kwanza ni kifupi lakini kikali. Cha pili ni kirefu, kina kona mbili na ua wa miti kushoto na kulia, huoni unakokwenda. Cha tatu ndicho kikubwa, na kileleni pana kanisa la kale na kiduka cha chai ambapo waendesha baiskeli hupumzika wakila keki. Keki! Sisi tukifika Kwale tunakula mihogo ya kukaanga na pilipili, na Likoni tunarudi tukiimba.

Wazee hao walikuwa mume na mke, walimu waliostaafu, waliokuja Pwani kila mwaka kuikimbia baridi ya kwao. Jumapili moja walitukuta barabarani, watu kama kumi wa Likoni na baiskeli zetu za mitumba, wakajiunga nasi, na tangu siku hiyo kila walipokuja walikuwa wetu. Yule mama alichoshwa na maswali yangu kuhusu kwao hata akaniletea ramani ya karatasi, yenye mistari ya kahawia inayoonyesha kila kilima kinavyopanda. Niliibandika ukutani nyumbani kwangu Timbwani. Mke wangu akaniuliza ikiwa kweli nimeibandua kalenda ya kanisa kwa ajili ya vilima vya watu. Nikamwambia ndiyo, nimeibandua, na Mungu ataelewa.

Rafiki yangu aliitazama ramani ile mara moja tu. "Milima ni milima," akasema, akaomba maji ya kunywa.

Huyu rafiki nilimpata kwenye feri, kila mmoja ameshika baiskeli yake, wote tukienda kazini Changamwe, yeye kwenye kiwanda cha unga, mimi kwenye ghala la jirani. Yeye ni Mdigo, mwenyeji wa Likoni tangu mababu. Mimi wazazi wangu walishuka kutoka Kaloleni. Kwa miaka sita tuliendesha pamoja kila asubuhi, na Jumapili tukaendesha tena kwa raha. Siku moja yeye mbele, siku ya pili mimi.

Asiyeendesha hajui maana ya neno hilo, mbele. Aliye mbele hupasua upepo, na aliye nyuma hujibanza mgongoni mwake apumzike. Lakini ili ufaidi, lazima usogee mpaka kati ya tairi lako na lake pasibaki hata shubiri mbili. Hapo huoni barabara. Unaona mgongo wa mwenzako, basi. Kwa hiyo aliye mbele hunyoosha mkono kuonyesha kila shimo, kulia au kushoto, na wewe unaufuata mkono huo bila kuuliza. Kwa miaka sita mkono wa rafiki yangu haukunikosea hata mara moja. Nilimwamini kuliko nilivyoyaamini macho yangu, na wala sitii chumvi.

Mwaka jana wale wazee walipokuwa wakiondoka walituambia kwamba wanaweza kumwalika mtu mmoja, akae kwao wiki mbili na kuendesha njia zao. Mmoja tu. Tumchague wenyewe. Kikundi kikakaa, watu wakabishana, mwishowe tukakubaliana: Jumapili itakayofuata tutoke Likoni, na atakayetangulia kufika Kwale mjini ndiye atakayekwenda. Kila mtu alijua kwamba ni mimi au ni yeye. Na kila mtu alijua kwamba kuanzia Kombani, pale unapoiacha barabara kuu na kuanza kupanda, hakuna aliyeniweza.

Sitajifanya sikuitaka safari ile. Niliitaka mpaka nikaona aibu. Usiku ule wa kuamkia Jumapili niliomba, mtu mzima, kuomba ushindi wa baiskeli.

Asubuhi, kabla hatujaondoka, rafiki yangu alinishika bega. "Mpaka Kombani sisi kitu kimoja," akanambia. "Tukishakata kona, kila mtu na miguu yake." Ndivyo nilivyotaka hata mimi. Upepo wa kusi ulikuwa umeshaanza, nao ulitupiga usoni tangu Shika Adabu. Tukapokezana mbele na nyuma kama kawaida yetu, wengine tukawaacha mbali. Tulipopita Ng'ombeni ilikuwa zamu yake mbele.

Mvua za masika zilikuwa zimeshachimba barabara. Nilikuwa nimeinama mgongoni mwake, nikiwaza kona ya Kombani. Nikaona tairi lake limeyumba kidogo kulia. Mkono haukutoka. Kisha nikawa hewani.

Nilivunjika mtulinga, na rimu ya mbele ikajikunja. Wenzetu waliokuwa nyuma ndio walioniokota, wakanitafutia gari. Yeye hakusimama. Alifika Kwale peke yake, na jioni akaja hospitali akilia. Machozi hasa, mashavu yote maji.

"Nilidhani umechoka umebaki nyuma," akasema. "Na lile shimo, wallahi sikuliona."

Mke wangu, aliyekaa upande wa pili wa kitanda, alimtazama tu. Alipoondoka tu, akasema, "Aliliona." Nikamkaripia. Nilimwambia kwamba mtu wa imani hali kiapo kama anavyokula kashata, na kwamba yeye haijui baiskeli, na kwamba wivu ni dhambi. Miezi mitatu nilikuwa wakili wa mtu yule. Wenzetu wa kikundi walinong'ona, nikawanyamazisha. Lile tairi lililoyumba nililikumbuka kila nilipojigeuza kitandani na bega likanichoma, na kila mara nikajiambia kwamba aliyeanguka huona mengi.

Nikafanya zaidi. Alipopata viza, nilimwita nyumbani nikamfundisha ile ramani, kidole changu kikipita juu ya kila mstari. Ukivuka daraja, punguza gia mapema. Kona ya pili, kaa kushoto, huko wanaendesha kama sisi. Nikampa na jaketi langu la baridi, nililolinunua sokoni Kongowea nikijinunulia mimi. Lilimkaa vizuri.

Kutoka huko alinitumia picha moja, ameshika kipande cha keki.

Aliporudi sikungoja hata apumzike. Nilikwenda kwao, mama yake akanikaribisha kwa mahamri, nami nikauliza swali moja tu: kilima cha tatu, kile chenye kanisa, kinapandikaje? Akafikiri. "Cha tatu? Hicho sikukipanda. Kulikuwa na mvua, tukaenda kwa gari." Akacheka. Nikacheka na mimi, kwa kuwa mama yake alikuwa akitutazama, lakini nilipofika nyumbani sikuweza kula.

Hayo yote ningeyameza. Mtu kujishindia safari na kuitumia vibaya si kosa kwangu. Lakini mwezi wa Shaabani ulipokaribia kwisha, alasiri moja baada ya sala, alikuja na kanzu na kofia, akapiga hodi. Sikushangaa. Kila mwaka kabla ya Ramadhani huwapitia ndugu na majirani kuwataka radhi, na mimi Mkristo hunipitia vilevile. Huwa ni maneno mawili na kikombe cha chai.

"Ndugu yangu, Ramadhani ndiyo hiyo. Nimekuja nitake radhi."

"Nimekusa..."

"Ngoja," akasema. "Usinisamehe bado. Lile shimo nililiona."

Mke wangu alikuwa akimimina chai. Akaendelea kumimina.

"Nililiona tangu mbali. Ningekuonyesha, ungefika Kwale wewe. Nikasema moyoni, huenda akalikwepa."

"Na ukaapa."

"Nikaapa. Ndilo linalonikosesha usingizi. Kumtaja Mwenyezi Mungu kwa uongo si mchezo. Nimemuuliza shekhe, akaniambia nitubu na nifunge siku tatu. Nimefunga. Limebaki lako tu."

Nikangoja aseme juu ya bega langu, ambalo mpaka leo haliinui gunia. Nikangoja aseme juu ya miaka sita. Hakusema, na si kwa ukatili. Hayo hayakuwa katika alilolifuata. Alikuwa amekuja kwa ajili ya saumu yake, ili ipokelewe, na mimi nilikuwa kituo cha mwisho njiani. Nilimchukia pale, nikiwa nimekaa, kikombe mkononi, nikamchukia kuliko siku niliyoanguka, maana siku ile angalau nilikuwa na rafiki.

Alikuwa ameinamisha kichwa, akisubiri. Majirani walikuwa mlangoni kwao, wanamwona mtu wa kanzu amekuja kuomba radhi kwa adabu zote. Ningefanya nini?

"Nimekusamehe," nikasema. "Na wewe unisamehe."

"Mimi kwako sina neno," akajibu, na uso wake ukafunguka. Akamaliza chai, akamshukuru shemeji yake, akasema sasa atafunga akiwa na moyo mweupe. Akaondoka akitembea wepesi.

Mke wangu alikusanya vikombe. "Umemsamehe kweli?"

"La."

Akanitazama. Nilikuwa nimeutamka msamaha ule mbele yake, mbele ya majirani, mbele ya Mungu yuleyule tunayemwomba sote. Sasa na mimi nina uongo wangu wa kuujibia, na huo pia ameniletea mtu yule.