Viti vyeupe kwenye njia ya Ntoto

Mwenye duka la misumari wa Walikale hachungulii injini ya gari. Hiyo ni kazi ya wachafu. Yeye hufungua mlango, hunusa viti, hupapasa paa kwa kiganja, kisha hugonga dashibodi kwa kifundo cha kidole na kutega sikio kama daktari. Kati ya magari mawili ya bei moja, lile lililoinuka aliliita ndoo yenye matairi, maana plastiki yake ilikuwa ngumu. Lile la chini, lenye viti vya ngozi nyeupe, alilipapasa kama mchumba.

“Papa, tumbo yake iko chini sana,” fundi alimwonya. “Njia ya Ntoto itailamba.”

“Mimi ntaikala ndani, sitaikala chini yake.”

Akalinunua, na Jumapili akaenda nalo Ntoto kusimamia ubatizo, suti imenyooka, mkewe kando yake, wanakwaya watatu nyuma, wote wamevuliwa viatu kwa amri yake. Karibu na kijiji gari likalala kifudifudi kwenye tope. Wanakwaya wakataka kushuka wasukume.

“Hapana muntu kushuka. Mutarudisha tope ku viti.”

Akamwachia mkewe usukani, akasukuma peke yake huku wanakwaya wakimwimbia kupitia dirishani. Gari likachomoka na kumwogesha tope toka nywele hadi tai. Akaufikia mlango. Mkewe alikuwa ameshaufunga.

“Papa, njo weye ulisema: hapana tope ku viti.”

Akatazama viti vyake, akatazama suruali yake, akarudisha mkono.

“Basi muende polepole,” akasema, akianza kutembea. “Na musiguse dashibodi.”