Nilimficha daktari vidonge nilivyompa wifi yangu

Naomba jina langu lisitokee, ndugu zangu wanausoma ukurasa huu. Nina miaka 36, mama wa watoto watatu, naishi Mungaa, Singida. Kwenye ukoo wetu naitwa Daktari ingawa niliishia darasa la saba. Ni kwa sababu ya mkebe wangu wa dawa. Mtu akipewa dozi akapata nafuu, vidonge vilivyobaki ananiletea. Akiumwa mwingine, namchagulia. Nilijiona wa maana sana, sifichi.

Wifi yangu, mke wa kaka, alichomwa mguu na kisiki cha alizeti shambani. Akaja akichechemea. "Wifi, zile kapsuli zako za rangi mbili zimebaki?" Nilimpa nne, nyingine nikaifungua nikamwagia unga wake kwenye kidonda. Zilipoisha nikampa za aina nyingine. Kaka akaniuliza kama ampeleke hospitali, nikamwambia, "Subiri, dawa haijaingia vizuri." Akasubiri, kwa vile ni mimi nimesema.

Siku kadhaa baadaye, tulipomfikisha hospitali mjini, alikuwa anatetemeka, haongei vya kueleweka. Kaka akaenda kufungua faili, mimi nikabaki na daktari. "Mama, kuna dawa yoyote ametumia nyumbani?" Niliona aibu. Nikasema hajatumia kitu.

Wakamwanzishia sindano, wakachukua damu ya kuotesha ili waone ana wadudu gani. Siku ya tatu majibu yakatoka: wadudu wako kwenye damu, na dawa anayochomwa wameshaizoea, haiwafanyi kitu. Wakabadilisha. Kesho yake asubuhi akafariki nikiwa nimemshika mkono. Nilimuuliza daktari kama vidonge vya nyumbani vinaleta tofauti. Akasema, "Ndiyo maana huwa tunauliza." Kama angepona, sijui. Hilo ndilo linaloniua.

Sasa wakwe wa kaka wanasema alimwacha binti yao aoze mguu nyumbani. Jumamosi wanakuja kuwachukua watoto wote wawili wa marehemu. Kaka hajitetei, anasema wana haki, yeye ndiye aliyechelewa. Nikisimama nikasema ukweli huenda watoto wakabaki, ila najua mimi sitakuwa na kaka tena.

Jana ameniletea khanga za marehemu. "Chukua wewe dada, maana wewe ndiye uliyemhangaikia." Nimezipokea. Jamani, nisaidieni mawazo, nimwambie vipi mtu huyu?