Mama Alipoachishwa Chumvi

Kwetu Sagalla, ule mlima unaoutazama mji wa Voi, harusi ilikuwa na wapishi wengi lakini mkono wa chumvi ulikuwa mmoja tu. Masufuria yalipangwa nyuma ya nyumba, akina mama wakachochea moto na kugombana kuhusu viazi, ila chumvi hakuna aliyeigusa mpaka mwenye kazi hiyo aje. Wakitia wawili, nyama hailiki, na aibu hiyo husimuliwa kijijini miaka na miaka. Katika miaka ya sabini mwenye mkono alikuwa mama yangu. Alijidondoshea mchuzi kiganjani, akaonja, akafumba macho, akatia. Baada yake hakuna aliyeruhusiwa kuongeza hata chembe. Aliipenda kazi ile kuliko alivyokubali kusema, na mimi nilimwonea fahari kupita kiasi.

Mwaka niliochumbiwa, mama akaanza kuvimba miguu. Aliamka uso umejaa, mgongo unamuuma, na tembe za maumivu alizimeza kama njugu. Nikamteremsha Voi kwa daktari. Daktari, kijana mpole asiyependa maneno mengi, alisema figo zake zimechoka, lakini zikitunzwa bado zitamfikisha mbali. Tembe zile aache. Maji anywe kwa kipimo atakachompa. Atembee kila siku, na mizizi na unga wa mitaani asiguse. Mpaka hapo mama aliitikia vizuri. Ilipofika zamu ya chumvi, kwamba aipunguze mpaka ikaribie kwisha kabisa, alimtazama yule kijana kana kwamba ametukanwa.

Tulipanda mlima hadi karibu na nyumbani. Ndipo akaniuliza, "Na harusi yako nitaionja na nini, na macho?"

Nikamwambia kwanza apone, apate nguvu za kusimama mbele ya masufuria siku hiyo. Hilo lilimwingia. Kuanzia hapo alishika masharti kwa ukali ambao sikuwahi kuuona, kwa sababu alikuwa na siku yake anayoitaka. Asubuhi aliteremka mpaka kanisani na kupanda tena, chupa ya maji kwapani. Na kwa kuwa alikataa katakata kupika vyungu viwili, nyumba nzima tuliachishwa chumvi pamoja naye. Baba alilalamika kwamba maharagwe yana ladha ya mvua. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale mlimani, na nakiri kuna siku nilikula kwa majirani bila haya. Lakini mama alijua kupika. Alileta ndimu, kitunguu saumu na dania, na polepole tukaacha kulalamika.

Siku moja shangazi, dada yake baba, alipanda kutoka Voi na unga wa kijivu uliofungwa kwenye gazeti. Muuzaji wa stendi alikuwa amemwapia kwamba ni mitishamba mitupu, husafisha figo hata za mzee. Nilipandwa na hasira, maana daktari alishakataza, tena shangazi alikuwa hapo hapo akitafuta kijiko. Kabla sijaunyakua, mama alikuwa ameshagusisha chembe kwenye ncha ya ulimi. Akafumba macho.

"Wifi," akasema taratibu, "umeuziwa chumvi na majivu."

Tuliutupa shimoni. Shangazi alimlaani yule muuzaji mpaka chai ikapoa, na mama akatamba wiki nzima kwamba njaa ya chumvi imeunoa ulimi wake. Sote tulicheka. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza ulimi uliokuwa mkali namna hiyo ungefanya nini mbele ya masufuria ya harusi.

Siku ikafika. Miguu ya mama ilikuwa imerudi kuwa miguu, na daktari alikuwa ameridhika naye. Alitokea nyuma ya nyumba na leso mpya, akaonja, akafumba macho, akatia. Kwa furaha yake alimwita hata baba aonje, jambo ambalo halikuwa desturi. Baba akalamba midomo na kusema imekolea barabara.

Nami mezani nilikula kwa raha zangu. Mume wangu, mtu wa Mata, kule Taveta, alitafuna kwa adabu kwa muda mrefu, halafu akaniinamia na kuninong'oneza, "Kwani huku kwenu harusi haitiwi chumvi?"

Nikainua macho. Wageni wa Taveta walikuwa wakimeza kwa taabu, na akina mama wa mlimani wamekodolea macho sahani zao, kila mmoja akijua hana ruhusa ya kuongeza. Waliokuwa wakiomba nyongeza ni watu wa nyumba yetu peke yao.

Niliinuka na shela yangu nikaenda nyuma, nikamwambia. Mama akaonja tena, asione kasoro. Nikaonja, nami sikuona. Akanitazama, akaelewa, na uso wake ukashuka mpaka nikatamani nisingesema. Miezi yote ile alikuwa amejinyima chumvi kwa ajili ya saa hii. Akawageukia wenzake awape kazi, lakini wote waliangalia chini, maana nani angependa kuonekana amempokonya?

Basi akafanya jambo ambalo halijawahi kufanyika Sagalla. Akamwita mama mkwe wangu, mgeni wa heshima, ambaye kwa adabu hakupaswa hata kuliona jiko letu. "Mkwe wangu," akamwambia, "ulimi wangu umeshazoea mengine. Tia wewe."

Yule mama akasita, akakunja mikono ya gauni, akatia. Vigelegele vikapigwa mpaka wageni wakasimama kutazama. Watu wakala upya.

Jua lilipokuwa likishuka nilikaa karibu na mama nikajaribu kumfariji. Nilimwambia labda akirudia chumvi kidogo kidogo, ulimi utarudi, na harusi nyingine atashika mkono wa chumvi tena.

"Ulimi usirudi," akasema. "Mkono nimeshautoa. Ninachotaka sasa ni mgongo wa kubeba watoto wako."

Aliwabeba wote, hata yule wa mwisho, ambaye alikuwa mzito kwelikweli.