Zege Halisubiri

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na ulimi wake una ncha kuliko sindano zake. Nyuma ya chumba anachoshonea ana kipande cha udongo mtupu, hatua nne kwa tatu, kilichozungukwa na alizeti, mbaazi na mrehani. Hakilimi, hakifagii. Humo wanaishi nyuki wa porini, wale wasio na mzinga wala asali: kila jike huchimba tundu lake, hulijaza chavua, hutaga, hufunga mlango. Shangazi husema hao humaliza walichoanza, si kama mimi na diploma yangu niliyoiacha njiani.

Jumatano saa nne asubuhi akaja fundi mwashi na toroli. Mwenye nyumba alikuwa amemtuma asakafie ua, eti nyuki watawauma wapangaji.

"Ngoja kwanza nimpigie," shangazi akasema.

"Mama, nimeshakoroga. Zege halisubiri."

Akapiga. Ikaita, ikakatwa. Akapiga tena, imezimwa. Fundi akaligeuza zege kwa koleo. "Linaanza kukaza hili. Kwani hawaumi?"

Shangazi akavua kandambili, akaweka mguu kando ya matundu. Nyuki mmoja akatua kwenye kidole gumba, akajipangusa, akaingia kwake.

"Huyu hata kununa hajui. Humo chini wana watoto, fundi. Ukimwaga umewazika."

Fundi akautazama mguu, akalitazama toroli. "Sasa hili nilipeleke wapi, mama? Nilinywe?"

Shangazi alitokwa jasho juu ya mdomo. Chumbani kulikuwa na sare arobaini za shule za kukabidhi Ijumaa, na sakafu yenye mashimo ya kumeza bobini za uzi. Sakafu mbichi haikanyagwi siku mbili.

"Mwaga ndani."

"Ndani wapi?"

"Chumbani kwangu. Na wewe," akanigeukia, "umesimama kama mlingoti. Toa cherehani."

Tukatoa kila kitu mbiombio, zege likizidi kuwa zito. Saa saba mwenye nyumba akampigia fundi. Fundi akanyoosha simu kama anayetoa kaa la moto, shangazi akaipokea.

"Shikamoo, mzee. Zege lako limeingia chumbani kwangu. La ua tulizungumze ukija, na ukija, vua viatu."

Akasikiliza kwa muda mrefu. "Kesho? Karibu."

Akaketi kwenye kivuli cha ukuta, akaanza kushona kola. Akajichoma kidole, akakinyonya, akaendelea. Akajichoma tena.